Tangi Lilisema Limejaa

Kwenye ploti yetu hakuna aliyejua jina langu. Niliitwa Wa Maji. Watoto waliniita hivyo, msimamizi wa ploti aliniita hivyo, hata landilodi alikuwa amehifadhi namba yangu hivyo kwenye simu. Ni kwa sababu ya ovaroli ya buluu niliyoivaa nikitoka asubuhi saa kumi na mbili, na tone la maji lililochorwa mgongoni.

Kwa hiyo mifereji ilipokauka mwisho wa Novemba, mlango uliobishwa ulikuwa wangu.

"Wa Maji, kwani kuna nini huko kwenu?" Alikuwa Mama wa mlango wa pili, mtungi mtupu mkononi na mtoto mgongoni. "Jumanne hayakuja. Ijumaa hayakuja. Si uwaulize?"

Nikamwambia nitawauliza. Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu ambaye hajui kitu. Na kweli wakati huo sikuwa najua.

Wacha kwanza nieleze kazi yenyewe, maana ukisema unafanya kazi ya maji, watu wanaona jembe na bomba lililopasuka. Hiyo ipo, na wanaoifanya ni wanaume kuliko mimi. Lakini kati ya umeme na pampu kuna vifaa vidogo ambavyo kazi yake ni kusema tu. Hiki kinasema tangi liko mita ngapi. Kile kinasema presha ya bomba. Kingine kinasema maji mangapi yamepita, kingine klorini imebaki kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota, na huwezi kujua hilo kwa kunusa. Sisi tulikuwa watu wa hivyo vifaa. Tunavifunga, tunavisafisha, tunavipima kama vinasema ukweli, tunatoa mijusi iliyokauka ndani ya makabati ya umeme.

Ilikuwa kampuni ya maji ya mji mmoja wa kaunti. Jina nitalimeza. Tangu ugatuzi, maji ni mzigo wa kaunti, na kaunti nyingi hubeba mzigo huo kupitia kampuni kama ile. Mimi sikuwa mwajiriwa. Nilikuwa kibarua, bob 900 kwa siku, hesabu mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, karo ikiwa imerundikana hadi nikakosa kukaa mtihani mara mbili, na mara ya tatu sikuenda hata kuuliza. Mama alikuwa anaimba kwaya moja na fundi mkuu wa vifaa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Fundi mwenyewe nilimwita Mzee, na yeye aliniita kijana. Hakuwa na digrii. Alikuwa na daftari, maltimita ya manjano iliyofungwa kwa raba ya tyubu, na futikamba yenye jiwe la chuma mwishoni. Chuoni nilikuwa nimekariri kanuni ya Faraday ya mwaka 1831 nikapata D. Mzee alinionyesha mita ya maji isiyo na kitu chochote kinachozunguka ndani: inaweka usumaku kwenye bomba, maji yakipita yanazalisha wolti kidogo sana, na kasi ikipanda wolti inapanda. "Ni Faraday huyo," akasema, kama anayemzungumzia jirani. Siku hiyo nilimwelewa Faraday, na nikakasirika kidogo kwa sababu ya ile D.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni nne hadi ishirini. Vifaa vingi vya kazi yetu huzungumza kwa mkondo wa umeme unaoanzia miliampia 4 na kuishia 20. Nne ni chini kabisa, ishirini ni juu kabisa. Nikamuuliza kwa nini isianze sifuri, si ndiyo rahisi?

"Waya ikikatika utasoma ngapi?"

"Sifuri."

"Na tangi likiwa tupu?"

Nikafikiria. "Nne."

"Haya basi. Nne anakwambia, niko hapa, lakini sina kitu. Sifuri hakwambii chochote, amekufa. Ukiwachanganya hao wawili utapiga pampu bila maji uiunguze."

Kitu cha pili alikirudia mpaka nikakichoka: skrini haijawahi kuona maji. Skrini inaona namba. Ukibadilisha kifaa cha kupima kina, unapanda juu ya tangi na futikamba, unapima maji yakiwa chini, halafu unarudi kupima yakiwa juu. Mara mbili. Unaandika kwenye fomu: skrini ilisema ngapi, futikamba ilisema ngapi. Na jina lako.

Mwisho wa Novemba mvua za vuli zikiwa zinafunga, radi ilipiga usiku wa Jumapili ikaunguza kifaa cha tangi la mlimani. Sisi tulikiita sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Ni kitu cha chuma kama kidole gumba kinene, kinaning'inia kwa kebo hadi chini ya tangi na kupima uzito wa maji juu yake. Kila mita moja ya maji inaongeza presha ya karibu kilopaskali 9.8, kwa hiyo ukijua presha unajua kina. Mzee alikuwa amepelekwa upande mwingine wa mji ambako pampu mbili zilikuwa zimekufa. Akanipa ufunguo wa stoo. "Enda ubadilishe. Unajua."

Nilikuwa najua. Ndiyo maana nilifurahi hivyo. Mara ya kwanza peke yangu.

Nikatoa sensa mpya kwenye boksi, nikaunganisha nyaya, nikaishika hewani kabla ya kuishusha. Maltimita ikasema 4.00. Skrini ikasema mita 0.00. Safi kabisa. Nikaishusha. Tangi lilikuwa karibu tupu, maji hayajafika hata mita moja, na skrini ikasema mita 1.2. Nikaona sawa, huenda nimekisia vibaya, giza linaingia. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ngazi ya tangi inateleza, na mtu wa boda alikuwa chini anapiga honi kwa sababu nilimwambia nusu saa na ilikuwa imeshapita saa moja.

Kipimo cha pili kilitaka nirudi asubuhi tangi likiwa limejaa. Sikurudi. Nilikaa kwenye kibanda cha pampu nikajaza fomu yote. Mahali pa kipimo cha juu niliandika: skrini 5.5, futikamba 5.5. Mita tano na nusu ndipo pampu hujizima. Niliandika namba ambayo ilipaswa kuwa pale. Nikatia sahihi.

Mtaa wetu uko mlimani, mwisho wa laini. Mgao wetu ulikuwa Jumanne na Ijumaa. Tangi linajazwa usiku, vali inafunguliwa saa kumi na moja asubuhi, wa chini wanapata kwanza, halafu wa katikati, halafu sisi. Wiki ya kwanza maji hayakufika, watu wakasema ni kawaida. Wiki ya pili mikokoteni ikaanza kupanda mlima na mitungi ya njano. Bob 30 kwa mtungi wa lita 20. Siku nyingine 40, kama jua limewaka na punda amechoka. Mimi pia nilinunua. Nilikuwa nanunua huku nimevaa ile ovaroli, na muuzaji aliona hiyo ni kichekesho kikubwa sana.

Mama wa mlango wa pili alikuwa anafua nguo za watu. Maji yakikosekana, kazi inakosekana. Alinunua mitungi minne kwa siku ya kupikia na kuosha watoto, na zile nguo za kufua akazirudisha kwa wenyewe. Kila jioni aliniuliza, na kila jioni nikamwambia tumeambiwa presha iko chini.

Siku ya 17 nilikuwa natafuta risiti. Nilikuwa nimebeba lile boksi la sensa hadi nyumbani, maana lilikuwa boksi zuri, gumu, na ndani yake niliweka karatasi zangu: kitambulisho, barua za mkopo wa HELB, risiti za kodi. Nikaligeuza. Ubavuni kulikuwa na stika, na kwenye stika kulikuwa na maandishi ambayo nilipaswa kuyasoma siku 17 mapema.

0–4 m.

Sensa iliyoungua ilikuwa ya mita sita. Kompyuta ndogo ya kwenye kabati ilikuwa bado inaamini iko na ya mita sita.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Maji yakiwa sifuri, sensa zote mbili zinasema miliampia 4, kwa hiyo sifuri yangu ilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilidanganyika. Lakini kadiri maji yanavyopanda ndivyo uongo unavyopanda nayo. Maji yakifika mita 2, skrini inasema 3. Maji yakifika mita 3.67, sensa inatoa miliampia 18.67, skrini inasoma 5.5, na pampu inajizima. Waya nzima, umeme mzima, kila kifaa kikifanya kazi yake. Na theluthi ya maji hayajaingia tangini.

Tangi lile lilikuwa na eneo la mita 50 za mraba chini. Zidisha mwenyewe. Ni zaidi ya lita 91,000 kila usiku. Karibu mitungi 4,600. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya mwisho kutoka, kwa hiyo yalikuwa maji ya mlimani. Yalikuwa yetu.

Sasa nifike mahali ambapo nimekwepa kuandika kwa muda mrefu. Ningeweza kumpigia Mzee usiku huo. Simu ilikuwa na chaji na salio lilikuwepo. Sikupiga. Asubuhi nikaenda kazini nikasema nitamwambia saa ya chai. Saa ya chai nikasema nitamwambia tukibaki wawili. Tulipobaki wawili nikamwuliza kuhusu mechi ya Gor.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba mimi ni kibarua, na kibarua haitwi kujieleza, jina lake linakosekana tu kwenye orodha. Kwamba sina karatasi, na hii kazi ndiyo kitu pekee nilichoweza kumwonyesha Mama baada ya chuo. Kwamba huenda nikapata nafasi ya kupanda mlimani peke yangu siku moja nirekebishe kimya kimya. Hiyo ya mwisho niliipenda zaidi. Nilijaribu kuomba ufunguo mara mbili, na mara mbili nikatumwa kwingine. Siku zikaenda sita.

Zile siku 17 za kwanza zilikuwa kosa, na makosa hutokea kwa mafundi. Hizi sita sijui niziite nini.

Siku ya 23 ilikuwa Ijumaa. Akina mama wa mtaa wetu walishuka hadi ofisi ya kampuni na mitungi mitupu wakaketi nje ya geti. Nilikuwa naingia na mfuko wa vifaa. Mama wa mlango wa pili aliniona, akawaambia wenzake, "Huyu ni wetu, anaishi kwetu, hata yeye hana maji." Wakanipisha nipite.

Ndani, msimamizi alikuwa anaeleza kitu na mkononi ana karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta. Tangi la mlimani limefika 5.5 kila usiku, wiki tatu mfululizo, angalia. Kwa hiyo maji yapo. Kwa hiyo yanaibwa njiani. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu nchi hii kampuni za maji kwa jumla hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji kabla hayajalipiwa, kwa mabomba yanayovuja, mita mbovu na wizi. Wizi ndio rahisi kuamini. Mita ya bomba la kutoka tangini ingeweza kusema ukweli, lakini ilikuwa imekufa tangu watu wakate waya wake wa kopa wakauze. Kulikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo nilimfunga mimi.

Kikosi cha kukata laini haramu kilikuwa kimetoka asubuhi hiyo kuelekea mtaa wa mabati ulio katikati ya laini, kati ya tangi na sisi.

Nilimpata Mzee nyuma ya stoo anatengeneza kontakta. Nikasema, "Mzee, tangi la mlimani halijajaa. Sensa niliyoweka ni ya mita nne."

Hakuinua kichwa. "Na ile fomu?"

"Ya juu sikupima."

"Umejua lini?"

Nilitaka kusema leo. "Jumamosi iliyopita."

Aliweka bisibisi chini. Tulipanda mlimani kwa boda moja, watu watatu, hakuna aliyezungumza. Skrini ilisema 5.1. Mzee akapanda ngazi mwenyewe, na ana miaka ya kustaafu, akashusha futikamba na lile jiwe lake la chuma. Akasoma kwa sauti: "Tatu nukta nne." Akasoma tena, kama desturi yake.

Stoo haikuwa na sensa ya mita sita. Kwa hiyo akafanya hivi: akavuta kebo juu mita 1.8, akaifunga pale, ili mita nne za sensa zianze 1.8 na kuishia 5.8. Kisha kwenye kompyuta ya kabati akabadilisha namba mbili tu, chini 1.8, juu 5.8. Ya chini kabisa hatutaiona, akasema, lakini tukifika huko tuna shida kubwa kuliko sensa. Akanituma nipande nipime. Nikapima. Nikangoja pampu ipandishe maji, saa tatu na kitu, nikapima tena. Zilikubaliana kwa sentimita mbili. Kazi ya kurekebisha yenyewe haikufika dakika 40.

Chini kibandani akanisukumia daftari la hitilafu. "Andika."

Nikaandika kilichotokea. Akasoma. Akarudisha. "Hujaandika lini ulijua."

Nikaandika hiyo pia.

"Sensa uliifunga vizuri," akasema tukishuka. "Ungekosea boksi tu, ningekutetea mpaka kwa mkurugenzi. Ni fomu ndiyo siwezi."

Kikosi kilikuwa kimeng'oa mabomba 11 kabla ya kuitwa kurudi. Baadhi yalikuwa ya wizi kweli. Baadhi ya wenyewe walikuwa na risiti. Waliokuwa na risiti walirudishiwa laini baada ya wiki, kwa gharama yao wenyewe wakati wa kununua viunganishi. Kwa akina mama wa getini kampuni ilisema kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Sijawahi kusikia maneno matupu kuliko hayo, na yalikuwa yamenifunika mimi.

Januari jina langu halikuwa kwenye orodha. Mzee hakunipigia simu, nami sikumlaumu. Mama alikuja kujua kupitia kwaya.

Jumanne ya kwanza maji yaliporudi mlimani, ploti nzima iliamka saa kumi na mbili. Watu walijaza mitungi, ndoo, sufuria, beseni za watoto. Mtu akapiga kelele, "Wa Maji umetuletea!" na wakacheka, nami nikacheka.

Nilikuwa nimepiga hesabu nyingine. Mitungi minne kwa siku, bob 30, siku 23. Ni 2,760, bila kuhesabu zile siku za 40, bila kuhesabu nguo za watu alizorudisha. Kodi ya chumba chake ilikuwa 4,500. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nilikuwa nimeisoma shuleni nikidhani kifungu kama hicho huvunjwa na watu wakubwa ofisini.

Nilipohama mwisho wa Januari nilibisha mlango wa pili. Nilikuwa nimebeba mitungi yangu mitatu nimpe, na nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale, sensa, stika, fomu, zile siku sita. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hata pesa nilikuwa nazo mfukoni, elfu moja, sijui kwa nini nilifikiria elfu moja.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anamfunga mtoto leso. Halafu akauliza swali moja.

"Kwa hivyo wewe ukienda, nani anapanda juu ya hilo tangi kupima?"

Nikamwambia Mzee yupo.

"Na Mzee akistaafu?"

Sikuwa na jibu. Akachukua mitungi, akaiangalia ndani mmoja mmoja kama ina kutu, akasema asante, akaingiza ndani.